Maziwa Baridi Hadi Ariwara

Tangu turudi, kila ninayekutana naye sokoni au mlangoni mwa kanisa ananiuliza safari ilikuwaje. Mimi hujibu, "Tulifika, Mungu asifiwe," kisha nabadilisha maneno. Sasa nimechoka kuyabadilisha. Nawaandikia ninyi mlioniuliza kwa nia njema, msome mara moja, na mkimaliza msiniulize tena mbele ya Mama.

Mama yangu Yuditha amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Rahabu, ambaye sisi watoto tunamwita mama mudogo. Alikuwa akikaa Ariwara. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na moja, maana barabara zetu mnazijua. Mwezi ule mtoto wake aliye Kanada alimwita aende kuishi naye moja kwa moja, na gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa Entebbe lilikuwa limepangwa kumchukua Jumamosi saa sita mchana. Mama ana miaka sabini na minane. Tusingefika kabla ya saa sita ile, dada hawa wawili wasingeonana tena. Hilo nililijua tangu mwanzo.

Bunia: kulivika gari jua

Mgongo wa Mama haukubali kiti cha basi hata kwa saa moja. Basi shemeji Kasereka, mume wa dada yangu, mtu wa Butembo na fundi wa magari ambaye wengi wenu mnampa magari yenu, alitoa viti vya nyuma katika minibasi yake ya zamani. Tukaweka kitanda, pazia, jiko dogo la gesi na ndoo yenye mfuniko kwa haja za njiani. Ikawa nyumba yenye magurudumu. Watoto wa mtaa walikuja kuchungulia kitanda kama watu wanaotazama bibi harusi.

Kazi ya umeme niliiomba mimi. Nafundisha fizikia miaka ishirini sasa, na nilitaka kwa mara moja kitu nilichokichora ubaoni kifanye kazi mbele ya macho ya watu. Nikafunga paneli mbili za sola juu ya paa, betri moja kubwa chini ya kitanda, na kati yake kale kadude ka kupima na kugawa umeme, ambako mafundi wetu wanakaita regilatere. Umeme huo ulikuwa wa feni ya Mama, taa, na zaidi ya yote friji ndogo ya gari, ya ukubwa wa kreti mbili za soda.

Friji ilikuwa ya maziwa. Katika ukoo wa mama yangu, msichana akiondoka nyumbani kwa baba yake anakunywa kikombe cha maziwa ya ng'ombe wa pale, jamaa wote wamesimama uani wakimtazama. Mama alikunywa siku alipoolewa. Rahabu hakunywa. Yeye aliondoka nyumbani mbio, wakati wa vita, akiwa na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Ng'ombe wa babu karibu wote walikwisha siku zile, lakini amebaki mmoja wa kizazi chao, anachungwa na binamu yetu nje kidogo ya mji. Mama alitaka dada yake asiende Kanada bila kunywa maziwa yake. Maziwa lita tano, ya kukamuliwa siku hiyohiyo ya kuondoka, yakachemshwa na kupozwa.

Nilipokuwa juu ya paa nakaza skrubu za mwisho, Kasereka alisimama chini akiwa na kipande cha waya mkononi.

"Prof," akasema, "tuunge na waya moya kutoka kwa motere. Jua ikikosa, motere itasaidia betri yako."

Nilicheka. Nikamwambia injini tuiache, tuko kiangazi, mvua haijanyesha wiki tatu, jua la Ituri linatosha kuchoma matofali.

"Sawa," akasema. "Njo weye mwenye kusoma." Ndiye mimi msomi, basi akaukunja ule waya, akauweka chini ya kiti chake.

Bunia hadi Fataki

Tulipanga kuondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili hiyo maziwa yalikuwa ndani ya friji, Mama amelala kitandani na kitambaa chake cha kanisa kichwani, na Kasereka ameshawasha gari. Ndipo wakaanza kuja watu wa komisyo, wale wa kukupa mzigo umpelekee ndugu yao.

Mnajua wenyewe mji wetu. Mtu akisikia unaenda Ariwara, ana ndugu Aru. Akisikia unaenda Aru, ana mkwe Mahagi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa kwaya na kilo kumi za unga wa muhogo.

"Ka komisyo kadogo kaka, Prof. Mutoto wangu atakungojea ku barabara."

Baada yake vikaja viazi, jerikeni za mafuta ya mawese, kuku wawili waliofungwa miguu, mashine ya kushona bila meza yake, na godoro zima la sponji, jipya, la mjukuu wa mzee mmoja wa kanisa. Ndani hapakuwa na nafasi. Kasereka akanitazama, nami nikatazama paa.

Ningeweza kukataa. Lakini gari lenye paa tupu kwenda Ariwara, na wewe ni mtoto wa hapahapa, watu watasema nini? Watasema Prof ameweka sola, sasa anajiona. Na nitawaambia ukweli: nilipenda wanavyokuja. Kila aliyeleta mzigo aliuliza zile paneli ni za nini, nami nilieleza, tena kwa mfano wa ubaoni, mzigo wake ukipanda juu taratibu. Tuliondoka saa tano.

Godoro lililazwa juu ya paneli ya kwanza, na magunia yakaegemea ya pili. Kwa ajili ya vumbi jekundu, mzee wa kanisa alifunika kila kitu kwa bashi, lile turubai zito la bluu, akalikaza kwa kamba kwa mikono yake mwenyewe. Mimi, ninayewafundisha watoto kila mwaka kwamba mwanga haupiti kwenye kitu kisicho angavu, nilisimama pale nikamwambia asante. Nilijiambia tukitoka mjini nitaifungua. Tulipotoka mjini vumbi lilikuwa jingi, unga ulikuwa wa mama wa kwaya, na godoro lilikuwa jeupe. Nikasema, tutafungua Iga Barrière. Iga Barrière tukakuta foleni ya malori, tukangoja saa mbili bariere, kile kizuizi cha barabarani, ifunguliwe, na muda wote huo nilikaa kivulini nakula mahindi ya kuchoma na kubishana na dereva wa lori aliyedai betri ya sola inaharibika ikipigwa na mbalamwezi.

Tukalala Fataki, uani kwa watu wa parokia. Walitupa sombe, yale majani ya muhogo, na viazi, na Mama akala vizuri. Feni yake ilizunguka, taa ikawaka, friji ikaunguruma. Nilichungulia regilatere, nikaona kataa kake ka kijani, nikaridhika. Namba iliyo chini ya taa sikuisoma. Kataa kale ka kijani kanasema tu kwamba chombo ni kizima.

Fataki hadi Mahagi

Ijumaa tuliondoka mapema, na barabara ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Mama alisimulia njia nzima. Alisimulia jinsi Rahabu alivyokuwa akiiba mtindi na kumsingizia paka hata miaka ambayo hawakuwa na paka. Alicheka hadi akakohoa.

"Leo tunalala kwake," akasema. "Nitalala naye kitanda moya, kama zamani. Weye na Kasereka mutalala mu gari na friji yenu."

Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Tulifika Mahagi saa nne na nusu asubuhi, na kutoka pale, tusingesimama, tungefika Ariwara kabla jua halijazama. Wangepata jioni nzima na usiku mzima na asubuhi.

Tulipoingia Mahagi, friji ikaanza kulia. Nikaifungua: digrii kumi na tatu. Nikainua godoro la Mama, nikasoma ile namba ambayo sikuisoma jana. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Siku moja na nusu za kiangazi, jua la kukausha samaki, na sola yangu ilikuwa imelala chini ya godoro la mtu.

Mahagi

Kasereka aliegesha mbele ya mgahawa wa mama mmoja anayeuza samaki wa ziwani. Hakunicheka. Aliinama chini ya kiti chake akatoa ule waya.

"Dakika makumi mbili, Prof. Naunga kwa motere, tunaendelea. Tukienda, betri inajaa."

Hapa ndipo pananiuma, nami nitasema kila kitu. Nilimwambia hapana. Nilimwambia betri hii ni aina nyingine, umeme wa motere utaiunguza. Nilisema kwa sauti ile ya darasani, na yeye, ambaye hakumaliza hata shule ya secondaire, akaukunja waya mara ya pili. Je, ingeungua? Sikujua. Nimeuliza baadaye, nikaambiwa isingeungua. Nilichojua siku ile ni kwamba tungefika Ariwara na maziwa yaliyookolewa na motere ya Kasereka, na hadithi ya sola ya Prof ingerudi Bunia kabla yetu.

"Tunashusha mizigo," nikasema. "Jua iko. Saa mbili zinatosha."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mlango wazi. Hakupaza sauti.

"Janvier, tuende. Maziwa ikiharibika iharibike. Rahabu njo mutu."

"Mama, ni wewe uliyesema lazima anywe."

"Nilisema. Sasa nasema tuende."

Nikamwambia asubiri kidogo tu. Mama yangu ni mtu wa zamani, mwanaume akishika kazi yake hambishii mbele ya watu. Akarudisha miguu kitandani, akavuta pazia.

Tukashusha kila kitu na kukipanga mbele ya mgahawa. Dakika haikupita, watu wakajaa. Walidhani sisi ni wachuuzi, tumefungua soko. Mwanamke mmoja alilibonyeza godoro kwa goti, akaligeuza, akauliza bei. Nilipomwambia haliuzwi ni komisyo, akapandisha bei. Nilipomwambia tena, akanuna.

"Kama hauuzishe, unalianika sababu ya nini? Umelikojolea?"

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka nao. Mwingine tayari alikuwa amemshika kuku mmoja miguu na kumpima uzito. Kisha wakaziona paneli, wakauliza, nami nikapanda juu ya paa nikaeleza. Nilieleza kwa muda mrefu, Mungu anisamehe. Nilikula samaki wa yule mama na ugali, nikamsifu. Saa mbili zikapita, friji ilikuwa digrii kumi na moja. Nikasema bado kidogo. Saa nne zikapita, ikawa nane. Kila nilipochungulia, namba ilikuwa imeshuka, na kila iliposhuka niliona haya kuikatiza kazi iliyokuwa inafaulu.

Saa kumi jioni ilisoma digrii tano. Nilipiga kofi. Nilimwita Kasereka aje aone. Alitazama namba, akatazama barabara.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini saa hii hatuendi tena. Njia inafungwa usiku."

Ilikuwa kweli. Tukalala palepale Mahagi. Jioni Mama alimpigia dada yake, nikamsikia nyuma ya pazia akisema kesho, kesho asubuhi na mapema, wewe chemsha chai.

Mahagi hadi Ariwara

Jumamosi saa kumi na mbili tulikuwa barabarani, paneli wazi, bashi imekunjwa. Sehemu ya mizigo ilikuwa pembeni mwa paneli, sehemu imeingia ndani, imemzunguka Mama, na kuku walikuwa miguuni pake. Nilihesabu saa tano hadi Ariwara.

Aru tukasimamishwa kwenye bariere. Watu wa pale walikuwa na adabu, waliuliza tu kilichomo ndani ya kila furushi na mwenyewe ni nani. Na mimi sikujua! Nilijua mama wa kwaya, nilijua mzee wa kanisa. Mengine niliyapokea tu, bila kuuliza jina. Ikabidi yafunguliwe moja moja. Chini ya viazi kulikuwa na viatu, ndani ya viatu kulikuwa na dawa za mtu. Saa mbili na zaidi zilikwenda hapo. Mama hakutoka ndani ya gari. Alikuwa ameshika simu mapajani, kidole juu ya kibonyezo.

Saa sita kamili simu ikalia. Sauti ya mama mudogo ilikuwa inakatika, lakini nilimsikia vizuri akiuliza, "Muko wapi?" Mama akanipa simu. Nikasema lile neno letu sote tukiwa bado njiani: "Tumefika, mama mudogo. Tuko hapahapa." Tulikuwa tumetoka Aru dakika kumi na tano zilizopita.

Mtandao ukakatika. Kasereka aliendesha sitawaambia vipi.

Ariwara

Tuliingia uani kwa mama mudogo saa saba na dakika ishirini. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli. Nje kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki kimeelekezwa barabarani, na jirani yake, Mama Adili, alikuwa anafagia pale ambapo gari liligeukia.

"Alikaa hapa," Mama Adili akasema. "Alikatala kupanda. Sheferi wa gari alipiga honi, alikatala. Alisema batoto ba dada yangu wamefika, wako hapahapa. Ilipogonga saa saba, sheferi akamuvuta na mukono, karibu amubebe. Mupaka unafungwa, ndege haingoje mutu."

Dakika ishirini. Mama alishuka mwenyewe, bila kumshika mtu, akaenda akaketi kwenye kile kiti. Kilikuwa bado juani. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, basi nikafungua friji. Digrii nne. Chupa zilikuwa zimetoka jasho la baridi, maziwa meupe, hayakuwa yameganda hata kidogo. Kazi yangu ilikuwa imefanya kazi yake barabara, na nilitamani yangekuwa yameoza.

Mama aliomba chupa moja. Akaigusa kwa shavu.

"Iko baridi muzuri," akasema. "Uliichunga muzuri, Janvier."

Hakusema kwa kejeli. Ningependa ingekuwa kejeli. Akamwambia Mama Adili alete vikombe, akawagawia majirani wote waliokuja kupungia mkono gari la mama mudogo na walikuwa bado hawajatawanyika. Walikunywa wamesimama, wakasifu. Yeye hakunywa. Nililia pale uani, mtu mzima, nyuma ya gari.

Alasiri, mama mudogo alipiga simu akiwa amekwisha kuvuka mpaka. Mama aliweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake yamechoka, na sote tukasikia.

"Dada, nilikungojea."

"Najua, Rahabu."

"Ni nini ilitokea?"

Mama alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilikuwa na mdomo.

"Gari iliharibika," Mama akasema. "Ni gari, Rahabu. Ilikufa mu njia."

Kasereka alikuwa anafuta kioo cha mbele. Aliweka kitambaa chini, akaja akainama karibu na simu.

"Ni kweli, mama mudogo," akasema. "Ni motere yangu. Unisamehe."

"Haina neno, mutoto wangu," ile sauti ikajibu. "Magari ya zamani iko vile."

Nami nikanyamaza. Nilinyamaza Ariwara, nikanyamaza njia yote ya kurudi, na nimenyamaza hapa Bunia wakati ninyi mnamcheka Kasereka kwamba motere yake ilimkosesha mama mkwe wake kumuaga dada yake. Wawili kati yenu mmehamishia magari yenu kwa fundi mwingine. Yeye hajasema neno. Basi nasema mimi: gari la Kasereka halikuzimika hata mara moja kutoka Bunia hadi Ariwara.